Kunyonya Mara Tano

Bardasur, 4 Oktoba 1996

Dada yangu Runak,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Nasih, na tanuri lake bado linawaka. Sisi hatujambo. Mama mkwe anakusalimu. Goti linamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Jalal naye anakusalimu. Juzi tulianza kuangua matunda ya jozi. Wanaume wako juu ya miti na fito zao, sisi tuko chini tunaokota na kumenya, na mikono yangu imeshakuwa myeusi hadi kwenye vifundo kwa sababu ya yale maganda ya kijani. Unayakumbuka. Hakuna sabuni inayoutoa ule weusi.

Mtoto alitimiza arobaini jana. Mama mkwe alimwogesha, akampaka maji ya chumvi, akamtia wanja, akamfunga kwenye kitanda cha kubembeza, kile kile alimolelewa Jalal. Watu walikuja, wakala, wakaondoka. Wote wamesema ni mzuri. Nadhani ni kweli.

Siku zangu ziko hivi. Naamka, namfungua, namnyonyesha, namsafisha, namfunga. Natoka na kitanda mgongoni mpaka kwenye miti. Namfungua, namnyonyesha, namfunga. Jioni hivyo hivyo. Halii sana kama watoto wengine, au labda ni mimi nisiyesikia vizuri.

Nina ombi. Ninunulie maziwa ya unga ya watoto, makopo mawili, umpe Kaka Hama dereva aniletee. Maziwa yangu yapo, tena mengi, kwa hiyo usiniulize. Nataka tu yawemo ndani.

Mdogo wako,
Chiman


Sanandaj, 13 Oktoba 1996

Mdogo wangu Chiman, mama mtu sasa,

Barua yako imenifikia ikinuka dizeli ya Kaka Hama, na kona moja ameifutia mikono. Mwambie karatasi si kitambaa! Sisi ni wazima. Nasih anaoka tangu alfajiri, anarudi na unga hadi kwenye nyusi, anakula, analala mdomo wazi. Wifi yangu Shilan alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa sita, sasa ananyonya kama amepewa zabuni, na maziwa bado yanambakia. Kwangu mwaka wa kumi na moja wa ndoa ni kama wa kumi tu: watu wawili na mikate mingi. Nimetia achari mitungi sita. Ataila nani, sijui.

Makopo mawili hayo hapo. Kuna na gauni jekundu. Ni la mtoto wa mwaka mzima. Mshonaji alikosea kipimo, basi utaliweka.

Sasa nisikilize. Kumfunga mtoto kitandani sawa, sote tumefungwa na miguu yetu imenyooka. Ila muuguzi wa kliniki ya mtaa wetu anasema si kutwa nzima. Mfungue, umweke juu ya blanketi, arushe miguu. Na chumvi imetosha. Mama mkwe wako akikasirika, mwambie umeambiwa na daktari. Wazee wetu wanawaogopa madaktari kuliko Israili mtoa roho. Na kumpa maziwa ya kopo wakati ya kwako yapo ni kwa nini? Najua umesema nisiulize. Nimeuliza.

Halafu umejaza ukurasa mzima bila kutaja jina la mtoto. Kaka Hama ndiye aliyeniambia kwamba bibi yake amempa jina Hanar, yaani komamanga, kwa kuwa alizaliwa tunda hilo likianza kuiva. Jina zuri. Basi litumie, mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kuna mahali imenikumbusha marehemu mama, lakini hayo ni ya kuzungumza uso kwa uso.

Nambusu mtoto miguu yote miwili,
Dada yako Runak


Bardasur, 30 Oktoba 1996

Dada Runak,

Salamu kwako na kwa shemeji. Gari la Kaka Hama liliharibika njiani, pale Pawe, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Makopo yamefika. Gauni pia. Jozi zimekwisha anguliwa, sasa zinakauka juu ya paa na mama mkwe anakaa nazo mchana kutwa kuwafukuza kunguru. Jalal ataondoka tarehe kumi kwenda Tehran, kwenye ujenzi. Atarudi majira ya kuchipua, njia zikifunguka.

Nitakueleza jambo moja, na usimwambie mtu. Siku ya mwisho ya kuangua nilikiacha kitanda chini ya mjozi wa bondeni, kivulini, mtoto akiwa amefungwa ndani. Kazi ilipokwisha nikajitwika gunia langu nikapanda nyumbani. Nikaweka sufuria jikoni. Nikapika chai, nikanywa vikombe viwili, nikaanza kuchambua dengu. Jirani yetu Gulala akaingia na kitanda mgongoni, jasho linamtoka.

"Chiman, hujasahau kitu?"

Nikakitazama kile kitanda. Nilijua ni changu, ila ilinichukua muda kukumbuka ndani yake kuna nini.

Mama mkwe akauliza kwa nini Gulala ndiye aliyembeba. Nikasema aliomba mwenyewe ambebe. Gulala akanitazama, akasema ndiyo, aliomba. Mtoto hakudhurika. Alikuwa amelala. Kule bondeni kuna mbwa wa wachungaji, lakini siku hiyo hawakupita.

Runak, mchukue wewe. Nimelifikiria na wala silii ninapoandika. Jalal nimemwambia. Akasema, "Ni dadako, si mtu baki. Watu wanafanya." Mama mkwe amesema mimi ni kijana, nitazaa wengine, na wewe miaka kumi na moja mikono yako mitupu. Ni kweli watu wanafanya. Shangazi yake Jalal alimpa mdogo wake mtoto na hakuna aliyekufa. Mimi namtazama huyu mtoto kama ninavyoitazama mikono yangu sasa. Ni myeusi, basi. Hainiumi.

Uliandika kwamba nimekukumbusha mama. Kwa lipi?

Chiman


Sanandaj, 6 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Barua yako imefika jana mchana na tangu hapo sijakaa chini. Nasih alinikuta nimesimama katikati ya chumba na ufagio mkononi. Akasema, "Umepata msiba?" Nikampa barua. Akaisoma, akaikunja vizuri, akaenda kunawa uso. Aliporudi akasema, "Mwandikie tunakuja," na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Nasih alimwendea shehe wa msikiti wetu, kwa sababu huyu bwana hanunui hata kuku bila kuuliza. Shehe kasema: mtoto wa dada wa mke anapokua si maharimu wa mume. Akivunja ungo itambidi ajifunike kichwa mbele ya Nasih ndani ya nyumba aliyokulia. Dawa yake ipo. Shilan ni dada yake Nasih tumbo moja. Akimnyonyesha Hanar mara tano, kila mara hadi ashibe, basi Shilan ni mama yake wa ziwa na Nasih ni mjomba wake. Mambo yamekwisha, na hakuna wa kuyarudisha nyuma.

Shilan amekubali. Amesema, "Mlete, mimi ng'ombe wa mtaa." Tatizo ni moja: tarehe ishirini na tano anahamia Ahvaz na mumewe. Kwa hiyo hatuna muda. Nasih atakuja na gari la kukodi tarehe kumi na tano, ambayo ni Ijumaa. Usihangaike na nguo zake, hapa zipo. Zimekuwapo siku nyingi.

Nimeshatandika chumba cha nyuma. Dirisha linapata jua. Nimeweka zulia jipya ili arushe miguu.

Chiman, una uhakika? Niandikie neno moja tu. Lakini Kaka Hama hashuki tena huku kabla ya tarehe hiyo, kwa hiyo najua jibu halitanifikia. Basi nitachukulia kwamba umeshasema ndiyo.

Dada yako,
Runak


Bardasur, 15 Novemba 1996

Dada Runak,

Shemeji yuko nje anakunywa chai na mama mkwe, gari linaunguruma. Naandika haraka. Jalal ameshaondoka. Theluji imeonekana juu ya kilele lakini huku chini bado.

Mambo ya kujua ni haya. Ukimlaza kwa ubavu wa kulia atalia, mlaze wa kushoto. Akishiba anashikilia kidole chako kwa muda kabla hajalala, usikitoe upesi. Hapendi kufutwa uso kwa kitambaa baridi. Kipashe moto kwanza, kishike kati ya viganja. Anapiga chafya akiona jua, si mafua. Sikio la kushoto lina alama ndogo kama nukta, ilikuwapo tangu kuzaliwa, usimpeleke kliniki kwa hilo. Asubuhi anazungumza na dari. Mwache, huwa anamaliza mwenyewe. Maziwa ya kopo alikataa siku mbili kisha akakubali, lakini anayanywa kama amelazimishwa na serikali. Anapenda sauti ya jozi zikimwagwa sakafuni. Huko sijui mtafanyaje.

Vidole vyake ni vyeusi. Si uchafu. Alinishika mikono wakati namenya, maganda yakamtia rangi. Usimsugue. Itaondoka yenyewe baada ya wiki tatu.

Kitanda kinabaki hapa. Kimefungiwa kwenye nguzo na Nasih anasema garini hakitaingia.

Nilidhani leo nitahisi kitu. Sasa nimeshambeba mpaka kwenye gari nikampa shemeji, nikarudi kumalizia barua. Sikuhisi kitu. Nilikuwa natazama gurudumu la nyuma, halina upepo wa kutosha, nimemwambia aliangalie akifika Pawe. Gauni langu limelowa maziwa mbele na mama mkwe amenirushia shali ili shemeji asione.

Usiniandikie habari zake. Niandikie za mji.

Na hukunijibu kuhusu mama.

Chiman


Sanandaj, 21 Novemba 1996

Chiman, mdogo wangu,

Leo sitakuuliza hali wala sitakupa za mji. Utanisamehe.

Alifika salama. Gurudumu lilipasuka Pawe kama ulivyosema. Nasih alikaa kando ya barabara na mtoto ndani ya koti lake, na anasema hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote alizowahi kukaa kando ya barabara.

Jumapili mchana Shilan akaja. Hanar alimtazama kwanza, akamchunguza kama anayetaka kitambulisho, kisha akanyonya hadi akashiba. Moja. Jumatatu, mbili. Jumanne, tatu. Jana Jumatano, nne. Kila mara mimi nilikaa pembeni, na akimaliza nampokea, nampa kidole akishike, nasubiri bila kukitoa. Ulisema kweli. Dakika saba, siku nyingine kumi.

Ya tano ilikuwa iwe leo adhuhuri. Nasih alifunga tanuri mapema, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yetu. Shehe alialikwa chakula cha mchana. Kuku wawili, wali wa zafarani, achari ile. Shilan akaja, akafungua vifungo, akanyoosha mikono. "Haya, lete binti, tumalize."

Sikumpa.

Akacheka. "Runak, mikono inachoka." Nikasema, "Subiri." Akasema, "Nisubiri nini? Mwanangu analia kwa mama mkwe!" Nikasema, "Haitakuwapo ya tano." Basi hapo ndipo nilipojua kwamba nimeamua. Shilan alinitukana matusi mimi na ukoo wetu, akasema nimemkamua siku nne bure. Ana haki. Nasih alisimama mlangoni akanitazama. Akaenda kumwambia shehe aanze kula tu.

Sasa nikujibu kuhusu mama. Ningekueleza tangu mwezi wa kumi ungekuwa uungwana. Nilinyamaza, na nitakueleza kwa nini.

Wewe ulizaliwa vuli, jozi zikianguliwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Baada ya arobaini yako mama alikaa akiuangalia ukuta. Hakulia. Alikunyonyesha nilipokuweka kifuani mwake, akaacha nilipokutoa. Siku moja alikuacha kisimani. Nilirudi kukuchukua mimi. Baba alisema mama amechoka, majirani walisema ana jini, na watu wakataka kukupeleka kwa shangazi. Bibi alikataa. Alisema, "Huyu mwanamke ni mgonjwa, hajakufa." Basi ikawa kazi yangu: nakubeba mgongoni, nakupeleka kwake unyonye, nakuondoa. Majira yote ya baridi. Halafu siku moja, wakati watu wanachuma rubabu milimani, ile mboga chachu ya majira ya kuchipua, mama alinipokonya wewe mikononi na kunigombeza kwa nini sijakufunika masikio. Alikuwa amerudi. Hakuna aliyelizungumza tena, na wewe hukuwahi kuambiwa. Wewe uliyekuwa kitinda mimba wake, yeye aliyekufa akikuita.

Nililijua hilo tangu barua yako ya kwanza, Chiman. Namfungua, namnyonyesha, namfunga. Niliisoma mara tatu, nikajua una nini, na nikajua pia kwamba hali hiyo huwa inaisha. Kisha nikaketi nikashona gauni la mwaka mmoja. Hakuna mshonaji aliyekosea kipimo. Nilishona mwenyewe.

Nilimtaka mtoto. Nilimtaka hata nikaona heri usipone kabla ya tarehe kumi na tano. Ndivyo ilivyo, na sina namna ya kuliandika likawa zuri.

Ile barua aliyokuja nayo Nasih naijua kwa moyo sasa. Mtu asiyehisi kitu hajui kwamba kitambaa hushikwa kwanza kati ya viganja.

Kwa sheria, mara nne si kitu. Hanar ni wako, bado ni mtu baki kwa Nasih na ni mpwa wangu tu. Njoo kabla theluji haijafunga njia. Kuna daktari mwanamke hapa, nimeshazungumza naye, hakushangaa hata kidogo. Kaa nasi mpaka rubabu. Sikuombi uhisi chochote. Utakaa uangalie ukuta ukitaka, chumba cha nyuma kina ukuta mzuri. Mimi nitakuletea mtoto, nitakuondolea. Kazi hiyo naijua, niliifanya nikiwa na miaka tisa.

Usipokuja, sijui nitafanya nini. Shilan anaondoka Jumatatu. Hanar anakula kopo na kunitazama kama serikali.

Dada yako ambaye hastahili kuitwa hivyo leo,
Runak


Bardasur, 27 Novemba 1996

Dada Runak,

Barua yako imefika leo. Kaka Hama anasema Jumamosi ndiyo safari yake ya mwisho, baada ya hapo ni theluji. Nitapanda naye. Labda nitafika pamoja na barua hii au kabla yake.

Nimeisoma habari ya mama. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Sikukasirika na wewe. Labda nitakasirika baadaye, nikiweza. Tafadhali usijiandae kwa kitu chochote. Bado niko vile vile. Sijui kama nakuja kwa ajili ya mtoto au kwa sababu tu kuna aliyeniambia njoo.

Mama mkwe aliniona nakifungua kitanda kwenye nguzo.

"Unakipeleka wapi hicho?"

"Sanandaj."

"Utabeba kitanda kitupu milima yote hiyo? Watu watasema nini?"

"Watasema nimebeba kitanda."

Kisha akaja na goti lake lile bovu, akakaza kamba mwenyewe, kwa sababu anasema mimi sijui kufunga kitu kikafungika. Akatia ndani kifuko cha jozi. Akasema ni za kumwagia sakafuni. Sikujua kwamba naye alikuwa amegundua mtoto anapenda sauti ile.

Kuna jambo sikukuandikia. Tangu alipoondoka, kila alfajiri nakwenda bondeni, chini ya ule mjozi, nakamua maziwa ardhini. Gulala aliniambia nijifunge kitambaa kifuani kwa wiki moja yatakauka, wanawake wote hufanya hivyo. Kitambaa ninacho. Sikujifunga. Nilijiambia ni maumivu tu ndiyo yanayonipeleka, na mchana nikirudi nyumbani nilikuwa sikumbuki kwamba nimekwenda.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Hayajakauka.

Mwambie Hanar asishibe kopo Jumamosi.

Chiman